Sekunde Moja Iliyowatoa Ngamia wa Mzee Doyo Kisimani

Saa tatu asubuhi, mtaa wa soko mjini Isiolo umekauka kama kawaida ya mwezi wa Machi, lakini ndani ya kibanda cha Bi Halimo Kahin maji yanamwagika. Ndoo inagonga pipa. Mwanamume anaimba kwa Kiborana, wengine wanamwitikia kabla hajamaliza, msichana anacheka kwa mbali, kisha ndoo inagonga tena na wimbo unaendelea.

"Halimo, umechimba kisima huko ndani?" anauliza Anderson, fundi viatu wa kibanda cha pili.

"Lete mtungi," anajibu Halimo bila kuinua macho.

Macho yake yako mezani. Hapo kuna redio kaseti mbili zilizounganishwa kwa waya. Moja imeng'olewa mlango, na utepe wa kaseti unatoka ndani yake kama ulimi, unatambaa hadi mwisho wa meza, unazunguka chupa ya soda iliyojazwa mchanga, kisha unarudi ulikotoka. Ni mduara wa mita mbili na nusu usio na mwanzo wala mwisho. Redio ya pili inarekodi.

Halimo anapiga mguu sakafuni kila ndoo inapogonga. Anasikiliza mahali utepe ulipoungwa. Mwandishi wa makala haya alijitahidi kupasikia pia, akashindwa, na baada ya robo saa akakiri hivyo.

"Mungu akubariki," alisema Halimo. "Ukishindwa wewe na ngamia ashindwe, mimi nimepona."

Halimo ana miaka arobaini na tatu na ni mama wa watoto wanne. Babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la mkoloni, akastaafu hapa, na uzao wake haukuondoka. Wengi wa ukoo huo ni watu wa maduka na malori. Yeye peke yake ndiye anayeshika wembe na waya.

Ufundi aliupata kwa marehemu mume wake, Shire, aliyekuwa akitengeneza redio katika kibanda hiki hiki. Miaka ya mwisho macho ya Shire yalififia, na mke aliyekuwa akimletea chakula cha mchana akageuka kuwa macho yake.

"Yeye anaambia mimi, 'Choma hapo, acha hapo.' Mimi nachoma," anakumbuka. "Alipokufa sabini na saba, watu walikuja kuchukua redio zao wakisema pole. Nikawaambia, pole nimesikia, lakini redio yako iko tayari, jaribu."

Leo juu ya mlango wake pana kibao cha rangi nyekundu: TUNASAFISHA KASETI. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Tangu kaseti zilipoenea, watu wa Merti, Korbesa na Sericho wamekuwa wakitumiana salamu kwa kaseti badala ya barua. Mtu anaongea nusu saa, anampa dereva wa lori, na nduguye anasikia sauti yake baada ya wiki. Ila pamoja na sauti hufika pia jogoo, mtoto anayelia, na jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Halimo huyatoa hayo yote kwa wembe. Hukata kipande chenye kelele, akaunga pande mbili kwa selotepu nyembamba, akapaka poda ya mtoto ili gundi isishike. Kwa shilingi tano anakurudishia kaseti safi. Kwa mwezi mzuri, akishalipa kodi ya kibanda, hubakiwa na kama shilingi mia tisa.

"Kuna shehe mmoja nilimtolea kikohozi kumi na saba katika mawaidha ya nusu saa," anasema kwa majivuno yasiyofichika. "Mwenyewe aliposikia akasema hakujua ana kifua kizuri namna hiyo."

Majivuno hayo, kama tutakavyoona, nusura yamgharimu mtu mwingine ngamia wake.

Mtu huyo yumo humu humu kibandani, kwenye benchi la wateja, akingoja chai. Ni Mzee Doyo Halake wa Sericho, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Amekuja mjini kuonyesha kidonda chake cha shingoni kwa daktari, na amefuatana na binti yake Qabale, mwenye miaka ishirini na miwili. Mwaka jana Doyo alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kooni. Uvimbe ulitoka, maisha yakabaki, sauti ikaenda. Sasa hunong'ona tu, na ukitaka kumsikia ni lazima usogeze sikio hadi karibu na ndevu zake.

Kwa mtu wa dukani hiyo ingekuwa shida ndogo. Kwa Doyo ilikuwa balaa, kwa sababu ngamia wake hunywa kwa wimbo.

Si ngamia wake tu. Kisimani, ndoo zikipanda kutoka mkono hadi mkono, kuna mwimbaji anayeshika wimbo na watekaji wanaomwitikia. Wimbo unawapa watekaji mwendo, na wanyama hukua wakiusikia tangu wakiwa ndama. Sauti ikiendelea, shingo zinabaki chini.

"Ngamia akiwa na kiu atakunywa hata ukitukana mama yake," alinong'ona Doyo. "Lakini atakunywa nusu. Atainua kichwa, atakuangalia. Akishatoka, ametoka."

Tulimuuliza Bwana Mungania, ofisa wa mifugo mwenye asili ya Meru, kama jambo hili lina ukweli.

"Kitaalamu nitakuambia ngamia anafuata maji, si muziki," alisema. "Lakini mimi sijawahi kunywesha ngamia hata mmoja. Wale wanaonywesha wanaimba wote. Sasa nibishane na nani?"

Kabla ya ukame wa mwaka wa themanini na nne, Doyo alikuwa na ngamia thelathini na wanne. Waliobaki ni kumi na mmoja, na kati yao majike wanne wana mimba. Zamu yake kisimani huja kila baada ya siku sita, na hupangwa na aba herega, yaani mzee anayesimamia zamu za kisima. Wanyama wakikataa kunywa ndani ya zamu, hakuna kuongezewa muda. Nyuma yako kuna mwingine mwenye wanyama wenye kiu.

Wana wawili wa kiume wa Doyo wameajiriwa mbali, na kila mwimbaji mwingine kisimani ana mifugo yake. Qabale, ambaye miaka yote amekuwa akiteka na kuitikia, alijaribu kushika wimbo mwenyewe.

"Nilifungua mdomo tu, wote kumi na mmoja wakainua kichwa," anasimulia. "Wakaniangalia kama mimi ni mgeni nimepotea njia. Nikanyamaza kwa aibu."

Hapo ndipo Golicha, mdogo wake Doyo na dereva wa lori wa siku nyingi, alipokumbuka kaseti aliyotumiwa mwaka wa themanini akiwa Mombasa. Ilikuwa salamu za kawaida za nyumbani, lakini mwishoni Doyo alikuwa ameweka redio kando ya kisima ili ndugu yake asikie ngamia wakinywa. Wimbo ulikwenda dakika moja na sekunde kumi, kaseti ikaisha. Hakuna rekodi nyingine ya sauti ya Doyo duniani.

Mwezi wa Januari Doyo aliiweka kaseti hiyo juu ya meza ya Halimo. Alitaka dakika moja igeuzwe kuwa nusu saa.

Halimo alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Aliunganisha redio mbili, akacheza wimbo, akasimamisha zote mbili, akarudisha nyuma, akacheza tena. Lakini kila redio ilipoanza ilichelewa kushika kasi, na sauti ya Doyo ikatoka ikiburuta kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na sekunde nne za kimya.

"Nikamuuliza mzee, sekunde nne ni mbaya?" anasema Halimo. "Akanionyesha kwa mkono. Kichwa juu, mguu nyuma, kwaheri."

Njia ya pili ilikuwa kuufanya utepe wenyewe uwe mduara, ili usirudishwe nyuma kamwe. Mduara ungezunguka katika redio moja huku nyingine ikirekodi upande mzima wa kaseti ya kawaida, na hiyo ndiyo Doyo angeipeleka kisimani. Tatizo ni kwamba mduara hupatikana kwa kukata. Kutengeneza nakala kwanza na kuikata hiyo kulishindikana, kwani nakala ya nakala ilitoa mvumo mkubwa kuliko wimbo. Ilibidi wembe upite katika kaseti yenyewe, ile ya pekee.

Halimo anasema hakuwahi kuogopa wembe kabla ya siku hiyo. Alimweleza Doyo kwamba akikosea hakuna kurudia. Doyo aliinua mkono na kunong'ona neno moja.

"Kata."

Akakata. Na kwa kuwa yeye ni Halimo wa kibao chekundu, alipoanza kukata hakuishia kwenye kuunga mduara. Ndoo ilikuwa ikigonga pipa juu ya sauti ya mzee, akaitoa. Watekaji walikuwa wakimwingilia kabla hajamaliza, akawatoa. Msichana alikuwa akicheka. Huyo alitoka wa kwanza. Baada ya siku mbili alikuwa na sauti ya Doyo peke yake, sekunde thelathini na moja, nyororo kama hariri.

Pale pa kuungia palibaki kimya cha sekunde moja. Sekunde moja ya utepe wa kaseti, Halimo amepima, ni karibu urefu wa njiti ya kiberiti. Aliona ni kidogo. Alimpa Doyo kaseti akiwa amefurahi, na anakiri kwamba aliwaita majirani waje kuisikiliza.

Kisimani mambo yalikwenda hivi, kwa maelezo ya Qabale. Ngamia walikuja mbio waliposikia sauti. Waliinamisha vichwa. Sekunde ya thelathini na moja ikafika, kimya kikaingia, vichwa kumi na kimoja vikainuka. Sauti ikarudi, vichwa vikashuka. Kimya, juu. Sauti, chini. Mara ya tano walichoka, wakageuka, wakaenda zao.

"Watu walicheka," anasema Qabale. "Mimi pia nilicheka kidogo. Baba hakucheka."

Zamu iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Majike wawili wakakauka maziwa. Aba herega alimwita Doyo kando, akamwambia kwa heshima kwamba zamu ya tatu ikienda hivyo atampa mtu mwingine nafasi hiyo. Mfanyabiashara wa mifugo akaanza kupita bomani kusalimia mara mbili kwa siku, na kila mtu anajua salamu za namna hiyo zinatafuta nini.

Qabale alipanda lori. Baada ya siku nzima barabarani alishuka Isiolo akiwa mweupe kwa vumbi, akaingia kibandani moja kwa moja.

"Mama Hashi," alisema, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa Halimo ni Hashi. "Umeweka wapi ndoo?"

"Ndoo gani?"

"Ndoo ya kisima. Iko kwa kaseti ya zamani, kwa yako haiko."

"Ile kelele? Nilisafisha."

Qabale alipiga meza kwa kiganja, akahesabu, akapiga tena. Akaanza kuimba polepole maneno ya baba yake, na Halimo akaona jambo ambalo masikio yake ya mjini yalikuwa yamelikosa kwa siku zote hizo. Doyo haanzi wimbo, anaufuata. Ndoo inagonga, naye anaingia hapo hapo. Kabla hajamaliza, watekaji wameshaingia juu yake. Kabla hao hawajamaliza, ndoo imegonga. Katika wimbo wa kisima hakuna mahali hata pamoja penye kimya. Halimo alikuwa amevitupa vyote vilivyoziba mapengo, kisha akawa anapigana na pengo.

"Nilisikia vibaya sana," anasema, na anayesema hivyo si mtu mwepesi wa kukubali kosa. "Miaka tisa watu wananilipa kutoa kelele. Sikuuliza kelele hii inafanya kazi gani. Nilimharibia mzee kitu ambacho hakina cha pili, halafu nikaita majirani waje kunisifu."

Lakini Halimo ana tabia moja iliyomwokoa. Hatupi kipande cha utepe, hata kifupi kama ukucha, tangu siku mteja alipomdai kikohozi cha marehemu babu yake. Vipande vyote huingia kwenye kopo la mafuta ya Kimbo chini ya meza, akiandika kwa kalamu ya wino tarehe na mshale wa kuonyesha upande wa mbele.

Kwa siku tatu yeye na Qabale walikaa mchana kutwa mbele ya kopo hilo. Walipata vipande kumi na vinne. Kila kimoja walikivuta kwa mkono mbele ya kichwa cha redio, kile kichuma kinachosoma utepe, na Qabale akasema ni kipi: hii ndoo, hawa watekaji wanaitikia, haya maji, huyu mimi nacheka. Wakavirudisha mahali pake kimoja baada ya kingine. Sekunde thelathini na moja zikawa hamsini na mbili.

Kisha likabaki lile pengo la mwisho, pale mduara unapofungwa. Mara ya kwanza Halimo alikuwa ameunga kwenye pumzi ya Doyo, akidhani kimya kitaficha kiungo. Safari hii alikata katikati ya kishindo cha ndoo, pale pipa linapolia kwa nguvu, na akakata kwa mshazari badala ya kunyoosha, ili sauti moja itoke taratibu huku nyingine ikiingia. Selotepu aliipachika mgongoni mwa utepe tu. Ya kwanza aliizungusha hadi mbele, na unene wake ulikuwa ukiunyanyua utepe usiguse kichwa cha redio. Hapo ndipo sehemu kubwa ya ile sekunde ilikuwa imejificha.

Walisikiliza. Ndoo iligonga, wimbo ukaendelea. Wakazungusha mara thelathini na nne, nusu saa nzima, na Anderson fundi viatu akaitwa kutafuta kiungo kwa ahadi ya chai. Hakupata chai.

Zamu ya tatu ya Doyo ilikuwa Alhamisi. Qabale aliweka redio juu ya jiwe, akabonyeza, akashika kamba ya ndoo. Shingo kumi na moja zilishuka na hazikuinuka mpaka hori likawa tope. Aba herega alisogea karibu na redio akaichungulia, kisha akaondoka.

"Baba alikuwa amesimama ametupa mgongo," anasema Qabale. "Nikamuuliza, baba, husikii? Akaniambia, nasikia. Huyo mtu anaimba vizuri."

Doyo, kwenye benchi, alitazama chini kusikia hayo yakisimuliwa. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

Zamu tatu zimepita tangu hapo, na zote zimekwenda vyema. Jike mmoja ameanza tena kutoa maziwa. Mwenye kuridhika angeishia hapa, lakini Halimo haridhiki. Utepe unaochezwa namna hii unalika, betri sita humalizika kila baada ya zamu mbili, na vumbi la Sericho huingia hata kwenye yai. Siku redio itakapokufa katikati ya zamu, Doyo atakuwa amerudi alikoanzia.

Kwa hiyo ana mpango, na ndio uliozaa kazi ya leo. Baada ya miezi miwili ya kuziba pengo, anataka kuanza kulirudisha.

Alipokwisha kuukagua mduara asubuhi ya leo, amebandika juu yake, mara tu baada ya ndoo kugonga, ukanda wa selotepu usio mrefu kuliko njiti ya kiberiti. Safari hii ameubandika mbele, makusudi, ili kichwa kisisome. Hakuna kilichokatwa; ukiubandua, sauti ya Doyo ipo chini yake. Lakini katika kaseti inayorekodiwa sasa, kila mzunguko una sekunde moja ambamo Doyo hayupo. Sekunde hiyo ni ya Qabale. Ataijaza kwa sauti yake akiwa na ndoo mkononi. Wakiizoea ngamia, kaseti ijayo itakuwa na njiti mbili. Inayofuata, nne.

"Kidogo kidogo, wasishtuke," anasema Halimo. "Na ule utepe wa kwanza nitaurudishia mzee pamoja na salamu zake za Golicha, na ndoo, na kicheko, yote. Sitasafisha tena kitu pale."

Mpaka lini?

"Mpaka siku nitampa Qabale kaseti tupu," anasema. "Aweke juu ya jiwe, abonyeze, isitoke kitu, na ngamia wanywe. Siku hiyo nitasema hii kazi nimetengeneza."

Chai inaletwa. Doyo anapokea kikombe kwa mikono miwili na kukiinamia. Lori la Sericho linaondoka adhuhuri, na kabla ya hapo Halimo anataka kusikia pengo lake likijazwa. Anarudisha kaseti mpya mwanzo, anabonyeza, na kisima kinajaa kibanda.

Ndoo inagonga. Kimya. Qabale anaingia akiwa amechelewa, na sauti inayumba. Doyo anainua kichwa kutoka kwenye kikombe, anatazama.

"Umechelewa," anasema Halimo. "Usingoje kimya. Fuata ndoo."

Anarudisha tena. Qabale anafunga macho na kuweka kiganja mezani. Maji yanamwagika, watekaji wanaitikia, ndoo inagonga, na Qabale anaingia.

Mzee Doyo anaendelea kunywa chai.